Marahaba Niliyomnyima Shabani

Majuzi nilimnyima mtu marahaba mbele ya ukumbi mzima, akiwa ameshika kipaza sauti, na tangu siku ile watu wa mtaa wetu hapa Kibaha, Picha ya Ndege, wananisema kwamba bibi kazeeka, masikio yameziba. Masikio yangu mazima. Namsikia panya akitafuna gunia kwa jirani. Nilimsikia Shabani vizuri sana aliposema, "Shikamoo Bibi," na sauti yake ikazunguka kwenye yale maspika kama nzi ndani ya chupa. Nikamtazama usoni, nikanyamaza. Akarudia, safari hii kwa kuinama kidogo. Nikanyamaza. Wanaume waliokaa viti vya mbele, ambao zamani niliwajua wembamba na sasa wana vitambi, wakaacha kucheka mmoja mmoja, maana wao wanajua kunyimwa marahaba na mimi ni kitu gani. Wake zao ndio waliodhani mimi kiziwi.

Tuliitwa pale kukumbuka Kijiwe cha Pedi. Kwa asiyejua, Kijiwe ilikuwa tovuti, yaani ukurasa wa kwenye intaneti, wa habari za mashine za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni mtu akashika pedi mkononi na kuanza kupiga kelele. Mashine gani mpya imetoka, gemu gani imefika Kariakoo, pedi ikifa kitufe unaifufuaje. Chini ya habari palikuwa na uwanja wa watu kubishana, na hapo ndipo penye maneno yote. Ilizaliwa sebuleni kwangu, nikiona kwa macho yangu. Sasa Shabani katuita Maili Moja, katugawia kijitabu cha karatasi za kung'aa, anasema ndiyo historia. Nikavaa miwani nikasoma mwenyewe, kwa kidole. Ukurasa wa kwanza, Shabani mwanzilishi. Wa pili, Shabani na gari. Rehema, mjukuu wangu, nikamkuta huko katikati, "alisaidia kuandika". Mimi nipo mwisho kabisa, chini ya waliotoa maji ya kunywa: "Hatumsahau Bibi, aliyekuwa akitupikia vitumbua." Vitumbua! Basi na mimi naandika yangu. Habari za ukoo, nani kamzaa nani kule kwetu Chole, naziacha, waliokufa wapumzike. Nitasema mwaka mmoja tu. Ujana wangu wa kwanza niliumalizia kwenye shamba la mihogo, sikumbuki hata ulikuwa na rangi gani. Huo mwaka wa Kijiwe, nikiwa nimeshapita hamsini, ndio nauita ujana, kwa sababu ndio mwaka niliojifunza kusoma. Na kitabu changu cha kusomea kilikuwa matusi ya watu.

Sebule yenyewe ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa nilivyofuma kwa mkono, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka, na pembeni, chini ya kalenda ya msikiti, kompyuta yenye mgongo kama kobe. Tuliifunika kanga yangu ya zamani isiingie vumbi. Modemu ilichomekwa ubavuni ikiwaka kitaa kama jicho la paka, na kitaa kikizima watoto wanalia kama wamefiwa. Rehema alikuwa amemaliza kidato cha sita anasubiri majibu, na kusubiri kwake ndiko kulikoanzisha Kijiwe. Yeye ndiye aliyetunga jina. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhuhuri akiandika habari, anatoa za Kizungu anaziweka za Kiswahili mtu wa Nachingwea azielewe. Fundi alikuwa Masanja, mtoto wa Wasukuma waliohamia Soga na ng'ombe wao, alisoma na Rehema hapa Kibaha. Huyo aliifungua pedi mbovu kama mtu anayepara samaki, anapanga skrubu kwenye kifuniko cha sufuria yangu, na ole wako ukiigusa. Wa tatu Shabani, wa kwetu Chole, Kisarawe, jirani ukuta kwa ukuta. Mama yake na mimi tumekata kuni pamoja. Yeye na Rehema wamechezea tope moja. Akija Kibaha haombi, anafunua chungu mwenyewe, na mimi nafurahi. Kazi yake kwenye Kijiwe ilikuwa kuongea: kwenda kwenye mabanda ya gemu, kuwaambia vijana waingie, waandike, wabishane. Mdomo ulipakwa asali ule. Leo nikikumbuka nilivyokuwa namwekea ukoko wa wali kwa sababu anaupenda, naona kama niliutia mwenyewe mdomoni mwa fisi.

Nilikuwa nawasikia kupitia pazia la jikoni, wakisomeana yaliyoandikwa. Wabishani wa Kijiwe walikuwa na vyama viwili, wa mashine nyeusi na wa mashine nyeupe, na Mungu anisamehe, watu hawajapigania dini hivyo. "Nyeupe ile si mashine, ile pasi ya umeme, unaweza ukanyooshea sare." "Na nyeusi yenu inanguruma kama trekta, jirani anadhani mnasaga mahindi." Hayo nilicheka nayo. Halafu siku moja nikasikia Rehema anasoma kwa sauti ndogo, mtu kamtukana mwenzake mama yake, tena kwa viungo, kiungo kwa kiungo kama mchinjaji anayetaja nyama. Masanja na Shabani wanacheka. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Huyo nani?"

"Mtu tu, Bibi. Yuko Mwanza," akasema Shabani.

"Kaingiaje nyumbani kwangu bila hodi?"

"Bibi, si nyumbani, ni kwenye mtandao."

"Kompyuta iko wapi?"

"Si hii hapa."

"Hapa ni wapi?"

Wakatazamana. Rehema akasema, "Ni kwako, Bibi."

"Basi."

Ndivyo ilivyoanza ile desturi, na kwenye kijitabu cha Shabani haimo. Rehema akaweka lango. Mtu mgeni akitaka kuandika kwenye Kijiwe, awe wa nyeusi awe wa nyeupe, awe meneja awe muuza maji, kwanza anaandika: Shikamoo Bibi. Halafu anangoja. Mimi nikimaliza kuosha vyombo nakuja, nasomewa majina, na Rehema anaandika kwa niaba yangu: Marahaba. Hapo ndipo mlango unafunguka. Ukitukana, unanyang'anywa marahaba, unarudi nje. Vijana waliipenda kuliko gemu zenyewe. Walikuwa wanaandika kutoka Songea, kutoka Tanga, wengine kutoka Uarabuni walikokwenda kufanya kazi, Shikamoo Bibi, na mimi namwambia Rehema, "Muulize huyo wa Uarabuni kama amekula." Nilijiona mkubwa, sifichi. Sokoni pale Maili Moja muuza viazi mmoja aliniuliza, "Wewe ndiye Bibi wa Kijiwe?" nikarudi nyumbani nimesahau viazi.

Na hukumu zilikuja kwangu. Wakibishana hili ni tusi au si tusi, wanaandika, tunaomba Bibi aseme. Kipimo changu kilikuwa kimoja, nilikitoa kwetu: utani una uso. Mzaramo na Msukuma ni watani, kila mtu anajua. Masanja alikuwa akiingia tu mlangoni ananiambia, "Mtani, leo umepika au umesikia ngoma mahali ukaacha sufuria motoni?" na mimi namjibu, "Nimepika, lakini sikujua kama na ng'ombe watakuja kula." Tunacheka mpaka mafua yanatoka. Lakini Masanja alinitukana mbele ya macho yangu, kwa jina lake, akijua nami nitamrudishia, na akijua siku nikifiwa yeye ndiye wa kushika jembe na kuwachekesha wafiwa. Hiyo ndiyo bei ya utani, lazima uwepo. Mtu anayekutukana amejificha si mtani, ni mwizi. Rehema aliyaandika hayo juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu: UTANI UNA USO. Yalikuwa maneno yangu. Kumbukeni kwamba yalikuwa maneno yangu.

Kusoma kulikuja kwa upande upande. Darasa la pili nililotolewa Chole nikalime halikuniachia kitu zaidi ya kuandika jina langu. Lakini Shikamoo Bibi niliiona kila siku mpaka sura yake ikanikaa, kama unavyomjua mtu kwa mwendo kabla hujaona uso. Halafu nikataka kuandika marahaba mwenyewe, kwa kidole kimoja, na Rehema amesimama nyuma yangu ameniwekea kidevu begani. "Ma. Ra. Ha. Ba. Ona, Bibi, kuna 'a' nne, hiyo ni rahisi, unarudi pale pale." Neno la kwanza kulisoma bila kusaidiwa lilikuwa "mbwa". La pili sitaliandika. Watoto wa shule husoma "baba" na "kaka" kwanza, mimi nilisoma uchafu, maana ndio uliokuwa unaletwa mbele yangu kuhukumiwa, na uchafu una maneno mafupi. Nikawa nasoma kila kitu. Nikasoma mfuko wa sukari. Nikasoma ile kanga iliyofunika kompyuta, ambayo muuzaji aliniapia imeandikwa maneno ya kuwaombea wazazi, nikakuta inasema: UMBEA WAKO HAUNINYIMI USINGIZI. Nilikuwa nimeivaa kwenye arubaini ya mkwe wa jirani yangu. Ndipo nikaelewa kwa nini yule mama hakunisalimia miaka mitatu.

Nacheka, halafu nakumbuka kwamba miezi ile ile ndiyo Rehema alianza kuziba mdomo. Akicheka, mkono unapanda. Akila, kiganja kinakinga. Nikaona ni haya. Nikajivuna! Wageni wakija nawaambia, "Mwangalieni mjukuu wangu, kasoma mpaka kidato cha sita lakini anacheka kama wanawake wa zamani, kwa kuziba mdomo." Naye ananitazama juu ya kile kiganja. Sijui jicho la mtu mzima linaonaga nini. Linaona linachotaka kujisifia.

Siku moja baada ya alasiri nilikuwa uani nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Rehema akaja akasimama mlangoni na karatasi aliyonakili. Akasema, "Bibi, kuna kesi. Kuna dada mmoja wa Mbeya kaandika habari ya mashine mpya, mtu kamjibu. Nikusomee?" Nikamwambia soma. Akasoma, kwa sauti iliyonyooka kama rula: "Funga mdomo wewe, mdomo wenyewe kama banda la kuku lililoibwa mlango. Gemu utazijulia wapi? Rudi ukachambue mchele." Nilicheka. Nilicheka mpaka kifuu cha nazi kikanitoka mkononi kikabingirika hadi kwa kuku. Banda la kuku lililoibwa mlango! Nikamwona huyo dada wa Mbeya na mdomo wake wazi, kuku wanaingia na kutoka.

"Ni utani au ni matusi, Bibi?"

"Utani huo. Mwambie huyo dada akomae, ajibu. Mwanamke akilia kwa neno, siku ya rungu atafanyaje?"

"Aliyeandika hajaweka jina lake la kweli."

"Ah, mwache naye. Katunga vizuri."

Rehema akasema, "Sawa, Bibi." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaingia ndani. Mimi nikaendelea na nazi yangu. Tuliila ile nazi kwenye kisamvu, kilikuwa kitamu.

Haikupita muda Rehema akaenda Kisarawe kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa kwa ajili ya chuo. Masanja yuko Soga, ng'ombe wanachanjwa. Asubuhi nikasema, Kijiwe hakiwezi kulala njaa ya marahaba, nikafunua kompyuta peke yangu. Nilikuwa najua kuwasha, najua kufungua, najua kushuka chini kwa kile kigurudumu. Nikatoa marahaba kwa wageni wanne. Halafu nikaona uzi mrefu, wanaita uzi, mazungumzo yaliyofungamana, nikaona una herufi R ya Rehema juu. Nikasema ngoja nisome mwanangu kaandika nini. Kaandika habari ya mashine mpya. Chini yake mtu anajiita Panga Butu. Nikaweka kidole. Fu-nga m-do-mo we-we. Ba-nda la ku-ku. Sikuamini kidole changu, nikarudia. Hakukuwa na dada wa Mbeya. Hajawahi kuwepo. Nikashuka. Kila anayepita anaongeza tofali: kuhusu mdomo wake, kuhusu mwili wake, anafanya nini na wavulana wawili ndani ya nyumba ya bibi kizee, vitu ambavyo mimi mwanamke niliyezaa saba sijawahi kuvifikiria. Vilinuka. Narudia, vilinuka, niliziba pua mbele ya kioo cha kompyuta. Na katikati ya uvundo ule wote, kila baada ya maneno machache, walikuwa wanaandikiana kitu kimoja kama kibwagizo: Bibi amesema ni utani. Bibi amesema ni utani. Hukumu yangu waliigeuza leseni.

Nilitaka kufunga. Kidole kikagota kwenye neno refu la Panga Butu nikalikata vipande. Ki. Bo. Go. Yo. Kibogoyo kakasirika, aliandika. Kibogoyo analia. Rehema ana meno yote, yamepangika kama punje za hindi. Lakini alipokuwa na miaka saba, Chole, alianguka kisimani akapoteza ya mbele, na mapya yakachelewa kuota mpaka watu wakasema amerogwa, na watoto wa pale wakamwita Kibogoyo. Alikuwa analia mpaka anatapika. Ndiyo sababu moja iliyonifanya nimlete Kibaha. Hapa hakuna aliyemjua hivyo. Walimu hawakujua. Masanja hakujua. Kati ya watu wote walioshika pedi katika nchi hii, mmoja tu alilijua jina hilo, na nilikuwa namwekea ukoko.

Ijumaa, Rehema na Masanja wamesharudi, Shabani akaja baada ya swala, kanzu nyeupe, ananukia. Tukakaa mkekani wote wanne. Ugali wa muhogo, kisamvu, dagaa wa kukaanga na pilipili mbuzi. Nikamsubiri atie tonge la kwanza.

"Shabani, Kibogoyo ni nani?"

Mkono ukasimama juu ya bakuli. "Aa, Bibi, ya utotoni hayo."

"Na Panga Butu ni nani?"

Akanitazama, akamtazama Rehema, kisha akatabasamu. Lile tabasamu nimeliona tena majuzi jukwaani, halijazeeka hata siku moja. Akasema, "Bibi, ule utani tu. Tena wewe mwenyewe ulihukumu." Akala tonge lake. "Nikwambie ukweli? Habari za mashine hakuna anayesoma. Ugomvi wanausoma wote. Tangu nimwashe Rehema kidogo, Kijiwe kimejaa. Nakuza kitu chetu. Hata yeye anajua."

"Anajua?"

Rehema mkono uko mdomoni. "Nilimjua siku ya kwanza, Bibi. Nani mwingine ananiita hivyo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wangesema bibi yake anamkingia kifua. Nikataka uhukumu bila kujua ni mimi." Akashusha macho kwenye bakuli. "Nilikusomea, Bibi. Ukacheka."

Nimezaa, nimezika, nimefukuzwa shamba. Sijawahi kupigwa namna ile. Masanja alikuwa hajala hata tonge. Akanawa mikono, akasema, "Mtani, nimeshiba," akatoka nje akakaa kwenye ngazi na mgongo wake mpana. Na mimi, mwenye mdomo, mwenye mwiko, bibi wa Kijiwe kizima, nilifanya nini? Nilimwacha Shabani amalize kula. Kwetu mgeni haondolewi sahani mbele yake. Nikamtazama akimung'unya vichwa vya dagaa, akiramba vidole, akiomba maji. Aibu hiyo sijamsimulia mtu mpaka leo. Alipoondoka sahani ile niliiosha mara tatu, nikaona bado, nikawapa kuku wanywee maji.

Nikamwambia Rehema, "Mnyang'anye marahaba. Sasa hivi, andika." Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshampa Shabani neno la siri la kufungulia Kijiwe, kwa simu, asubuhi ile ile, kabla ya chakula. "Nimechoka, Bibi. Akichukue." Akazima, akaifunika kompyuta ile kanga, UMBEA WAKO HAUNINYIMI USINGIZI, na mwezi uliofuata akaenda chuo. Pedi hajashika tena. Ana watoto wawili sasa, wanacheza gemu kwa jirani.

Shabani akakihamishia Kijiwe Dar. Kitu cha kwanza alichofuta ni lango. Shikamoo inachelewesha watu, alisema. Kilichofuata nilikiona mwenyewe kwenye simu ya binti wa jirani, maana sasa nilikuwa msomaji na hakuna wa kunificha. Habari za mashine zimepotea. Wanawake wamevaa uzi wa kushonea. Na kila mahali mikeka, mikeka, mikeka. Mimi mkeka naujua wa kulalia, wa kuswalia na wa kulazia maiti, kumbe vijana wanaita mkeka ile karatasi ya kubeti mpira. Kijana aliyekuja kuuliza pedi yake imekufa kitufe gani, anaondoka kabeti ada ya shule. Baadaye Shabani akakiuza, waliokinunua wakakizima, basi. Ndiyo historia ya Kijiwe cha Pedi. Haina ukurasa wa kung'aa.

Majuzi ukumbini, nilipomnyima mara ya pili, Shabani alicheka kwenye kipaza sauti akasema, "Bibi yetu amechoka, tumpigie makofi." Wakapiga makofi. Nikasimama, nikakiacha kijitabu juu ya kiti nikakikalisha hapo mahali pangu, na Rehema, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanifuata, na Masanja naye, ambaye siku hizi ana duka la ufundi kule Soga karibu na stesheni ya treni na kila akija Kibaha ananiletea maziwa. Tukapanda bajaji, mimi katikati. Barabara ya Morogoro malori yanapita. Mimi si mtu wa kuomba radhi, nimelelewa na watu wasioomba. Nikatazama mgongo wa dereva nikasema, "Rehema. Nilisema utani. Haukuwa utani. Nilihukumu vibaya, tena kwa kucheka."

Akasema, "Ulikuwa unakuna nazi, Bibi. Nakumbuka." Hivyo tu. Sikujua ni msamaha au ni nini, na sikuuliza.

Masanja akadakia. "Mtani, leo umemfungia mtu mbele ya mke wake."

"Nimemfungia."

"Umechelewa lakini. Miaka yote hiyo!" Akageuka kwa Rehema. "Wazaramo hawa, hata mazishi wanachelewa, wanangoja kwanza ngoma ipate moto."

"Na wewe ulijuaje," nikamwambia, "wakati ulikuwa umefungwa nje na ng'ombe wenzio?"

Rehema akacheka. Nikauona mkono wake wa kulia unaanza kupanda, wenyewe, kama umezoea njia. Nikaudaka. Akauvuta. Nikaukaza kwa mikono yangu miwili, mikono iliyolima mihogo, nikaubana mapajani kwangu, na yeye akashindwa kunyamaza na akashindwa kujiziba, akacheka vile vile, meno yote nje, mpaka dereva akageuka kutazama. Sikuuachia mpaka Picha ya Ndege.